Ahadi ya Kapteni York: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Fort Apache

Katika filamu ya Fort Apache, ambayo John Ford aliiongoza na ikaanza kuonyeshwa mwaka 1948, kuna mahali Kapteni Kirby York anamwambia mkuu wake wa kikosi kwamba amekwisha kumpa Cochise, kiongozi wa Waapache, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ahadi, na kwamba hatakubali mtu yeyote amgeuze kuwa mwongo. Mkuu wake anamjibu kuwa baina ya ofisa wa jeshi la Marekani na mtu kama Cochise hakuna suala la heshima. York anasema kwake yeye lipo. Mwishoni mwa filamu York huyohuyo, ambaye sasa ndiye mkuu wa kikosi, anakaa na waandishi wa habari ofisini mwake na kuthibitisha uongo mtupu kwa maneno machache, na hakuna aliyemshikia bunduki. Uchambuzi huu unafuata yaliyotokea kati ya kauli hizo mbili: nani alivunja ahadi, kwa nini aliivunja, nani alilipia, na imekuwaje mtu mwadilifu kuliko wote ngomeni ndiye aliyekuja kuifukia habari yenyewe.

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kama kisa cha kamanda mkaidi aliyewaangamiza askari wake. Ni kweli alikuwa mkaidi na ni kweli aliwaangamiza, lakini jambo hilo liko wazi kwa kila mtazamaji na halihitaji mchambuzi. Anayenisumbua mimi ni York, kwa sababu ndiye aliyejua ukweli wote, ndiye aliyebaki hai, na ndiye aliyekuwa na deni kwa mtu wa upande wa pili.

Ili kumwelewa ni lazima kwanza kuielewa ngome. Fort Apache ilikuwapo kweli: jeshi liliianzisha mwaka 1870 katika nchi ya Waapache wa White Mountain huko Arizona, na likaifunga mwaka 1922. Ford hakuyapigia picha mapambano yake huko, bali Monument Valley, katika nchi ya Wanavajo, na wengi wa watu tunaowaona wakiwa Waapache ni Wanavajo. Kwa muda mrefu filamu haionyeshi vita hata kidogo. Inaonyesha dansi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, makuruta wanaoanguka kutoka kwenye farasi wasio na matandiko, wake wa maofisa na wa masajini wakishirikiana kumpatia Philadelphia, binti wa kamanda mpya, viti na mapazia ya nyumba isiyo na kitu, na masajini wazee wakimpokea kijana waliyemlea wenyewe, Michael O'Rourke, ambaye amerudi kutoka chuo cha kijeshi cha West Point akiwa Luteni Usu na sasa inawapasa kumpigia saluti. Baba yake mzazi ni Sajini Meja wa ngome hiyohiyo. Mtazamaji mwenye haraka anaweza kuona kwamba hadithi inachelewa kuanza. Mimi naona hadithi imekwisha kuanza, kwa sababu York atakaposema uongo wake atausema kwa ajili ya watu hawa, na kama hatujawapenda hatutajua alikuwa akilinda nini.

Katika jumuiya hiyo anaingia Luteni Kanali Owen Thursday, ambaye Henry Fonda anamwigiza kwa ukavu unaotisha. Wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani Thursday alikuwa jenerali. Vita vilipokwisha jeshi la Marekani lilipunguzwa sana, na maofisa wengi waliokuwa wamepandishwa vyeo kwa muda wakarudishwa chini. George Custer, ambaye kifo chake mwaka 1876 kule Little Bighorn, alikoangamia pamoja na askari wake, kinasikika nyuma ya filamu hii yote, naye alikuwa jenerali wakati wa vita na baadaye akawa Luteni Kanali. Thursday anaiona Arizona kuwa adhabu. Anaona wenzake wakipata sifa kwa kupigana na Wasioux na Wacheyenne, makabila mengine ya wenyeji wa asili, huku yeye akiachiwa Waapache, ambao kwa maoni yake ni kama viroboto tu. York anamsahihisha kwa adabu: Wasioux waliwahi kuivamia nchi ya Waapache, na wazee husimulia kwamba njia waliyorudia ungeweza kuifuata kwa mifupa ya maiti zao. Thursday anasikia maneno hayo lakini hayamwingii.

Ipo dalili nyingine ambayo mwongozaji anaitia kidogokidogo. Thursday hakumbuki jina la O'Rourke. Analitaja vibaya, anasahihishwa, kisha analikosea tena, ingawa ni jina la Sajini Meja wake, na ni jina la kijana anayempenda binti yake. Anapouliza ilikuwaje mtoto wa sajini akapata nafasi West Point, inabidi aambiwe kwamba rais alimteua, na uteuzi wa namna hiyo, kwa jinsi Thursday mwenyewe anavyoelewa, hutolewa kwa watoto wa waliotunukiwa Nishani ya Heshima. Sajini Meja anamjibu kwamba hata yeye anaelewa hivyo hivyo. Ina maana kwamba shujaa mwenye nishani kubwa kuliko zote anafanya kazi chini ya Thursday kila siku, naye Thursday hajamwona. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili la majina, kwa maana litarudi.

Chanzo cha ugomvi na Waapache si siri. Cochise na watu wake wameondoka katika eneo walilotengewa na kuvuka hadi Mexico kwa sababu ya wakala wa serikali, Silas Meacham, anayewauzia wiski mbaya na bunduki na kuwapimia chakula kwa mizani ya wizi. Thursday anakwenda dukani kwake, anaipima mizani, anaionja wiski, na anamwambia usoni jinsi anavyomdharau. Kisha anamlinda. Hapa inafaa kueleza mpangilio wa serikali ya wakati ule: tangu mwaka 1849 mambo ya wenyeji wa asili yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, huku jeshi likiwa chini ya Wizara ya Vita, na kwa hiyo kamanda wa ngome hakuwa na mamlaka ya kumfukuza wakala. Alichoweza ni kuandika taarifa na kushinikiza wakubwa. Thursday ni mtu wa kanuni, na kanuni inampa kisingizio kizuri cha kutofanya lolote. Meacham ni mwakilishi wa serikali, basi anastahili ulinzi wa serikali, na mizani ibaki kama ilivyo. Mimi sioni kosa la kwanza la kisa hiki mahali pengine zaidi ya hapo dukani, muda mrefu kabla ya risasi.

Ni York anayejitolea kwenda Mexico. Anafuatana na Sajini Beaufort, ambaye anajua Kihispania na kwa hiyo anaweza kuzungumza na Cochise. Watu wawili tu wanapanda milimani kumtafuta mkuu huyo wa Waapache, wanampata, na wanakubaliana kwamba atavuka mpaka kurudi Arizona ili azungumze na kamanda kuhusu amani. Cochise anarudi kwa sababu York amesema hakutakuwa na hila. Hana dhamana nyingine mkononi, wala karatasi, wala mateka. Ana ahadi ya mtu mmoja.

York anafika ngomeni usiku na kuikuta dansi ya masajini ikiendelea, ile ambayo kwa desturi kamanda huifungua kwa kutembea ukumbini pamoja na mke wa Sajini Meja, na ambayo hata Thursday ameshiriki akiwa amenyooka kama mti. Kapteni anatoa taarifa yake akiwa na furaha ya mtu aliyefanikiwa. Thursday anaisikiliza, na papo hapo anaona jambo ambalo York hakuliona: Cochise amerudi ndani ya Marekani, anaweza kukamatwa, na magazeti yataandika jina la aliyemkamata. Anaisimamisha dansi na kuamuru kikosi kizima kiondoke alfajiri. Hapo ndipo York anaposema maneno niliyoanza nayo. Ni muhimu kuona kwamba Thursday hasemi York amekosea kuahidi. Anasema mtu aliyeahidiwa hahesabiki. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa sababu mdai humpendi.

Siku ya mazungumzo Cochise anasema mambo ya maana kuliko mtu mwingine yeyote katika filamu hii. Anaeleza kwamba watu wake hawajawahi kushindwa vitani, lakini si vema taifa liwe vitani siku zote, kwa kuwa vijana hufa, wanawake huimba nyimbo za huzuni, na wazee hukaa na njaa wakati wa baridi. Ndiyo maana aliwashusha milimani. Kisha akaja mtu huyu Meacham, ambaye ni mbaya kuliko vita, kwa maana vita viliua wanaume na yeye anaua wanawake, watoto na wazee. Mwondoeni, anasema, tuzungumze amani, mkimwacha, tutapigana. Beaufort anatafsiri sentensi baada ya sentensi. Thursday anamwamuru awajibu bila kulainisha neno, anawaita nguruwe wakaidi, na anampa Cochise muda hadi alfajiri awe ameanza kurudi katika eneo lake, vinginevyo atashambuliwa. Cochise hakuomba ardhi mpya, wala fedha, wala kulipwa kwa waliokufa. Aliomba mtu mmoja aondolewe kazini.

Ni hapa historia halisi inapoingia, kwa sababu Cochise aliishi kweli na yaliyompata yanafanana na haya kwa namna inayouma. Mwezi Februari mwaka 1861, katika njia ya Apache Pass, Luteni George Bascom alimwita Cochise kwa mazungumzo, akamtuhumu kumteka mtoto ambaye Cochise alisema hakumchukua, na akajaribu kumkamata hemani. Cochise alilipasua hema kwa kisu na kutoroka, lakini jamaa zake walibaki mikononi mwa askari. Mateka wakauawa pande zote mbili, ndugu yake akiwa miongoni mwao, na vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka 10. Vilikwisha mwaka 1872 kwa njia ambayo Thursday angeiona ya aibu. Jenerali Oliver Howard, aliyekuwa amepoteza mkono wa kulia vitani, alikwenda hadi milima ya Dragoon akiwa na watu wachache tu, akiongozwa na Tom Jeffords, mzungu ambaye Cochise alimwamini. Walikubaliana eneo, na walikubaliana pia kwamba wakala wake atakuwa Jeffords. Cochise alifariki mwaka 1874 akiwa katika amani hiyo. Kwa hiyo njia aliyoipendekeza York si ndoto ya mwandishi wa filamu. Ilijaribiwa, ikafaa, na sharti lake kuu lilikuwa lilelile la kupata wakala anayeaminika. Ilipofika mwaka 1876 serikali ililifuta eneo hilo, lakini hilo ni kosa la watu wengine, lililofanyika baada ya yeye kuzikwa.

Asubuhi ya shambulio haihitaji maneno mengi. Mbele ya korongo kuna vumbi kubwa. Thursday anadhani ndipo adui alipo. York anaeleza kwamba vumbi hilo linatimuliwa na wanawake na watoto wanaoburuta matawi, na kwamba wapiganaji wamejificha kwenye miamba ya pande zote mbili, kwa sababu yeye angekuwa Cochise angejificha hapohapo. Thursday anaamuru farasi waingie korongoni wanne wanne. York anasema huko ni kujiua. Anaitwa mwoga, anavua glavu yake na kuitupa chini, na anaamriwa abaki nyuma na magari ya vifaa, akiwa na Luteni O'Rourke. Hivyo ndivyo mtu aliyesema kweli anavyookoka, kwa kudhalilishwa. Desturi yetu inamwonya mdogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na waliovunjika ni wadogo.

Huku ngomeni wanawake wamesimama juu wakitazama safu ikitokomea. Inafika karatasi ya uhamisho wa Kapteni Collingwood, ambao yeye na mkewe Emily wameusubiri kwa miaka, na bado kuna nafasi ya kumtuma mtu amrudishe. Emily anakataa, kwa sababu anajua watu wangemwita mumewe mwoga. Anaendelea kutazama, kisha anasema hamwoni tena. Anachokiona ni bendera tu. Sijui tukio jingine katika filamu hii linalosema mengi kwa pumzi moja kama hilo. Mtu amemezwa na kikosi mbele ya macho ya mkewe, naye mkewe ameridhia.

Thursday mwenyewe hafi kama mwoga, na haki inataka tuliseme hilo. Anajeruhiwa na kuanguka, York anatoka kwenye magari na kumfikia, naye angeweza kuokoka. Anachukua farasi na kitara cha York, anamwambia kwamba atakapokiongoza kikosi hiki, akiongoze kwelikweli, na anarudi kwa askari wake waliozingirwa. Anamwomba radhi Sajini Meja O'Rourke, ambaye anamjibu kwamba radhi hizo awawekee wajukuu wao. Dakika chache baadaye wote wamekwisha. Cochise anakuja na wapanda farasi wake hadi kwenye magari, ambako York amebaki na watu wachache wasiotosha kuzuia chochote. York anavua mkanda wa bastola na kutoka peke yake. Cochise anaichomeka ardhini bendera ya kikosi aliyoichukua korongoni, kisha anageuka na kwenda zake, na vumbi linawafunika wote. Angeweza kuwamaliza. Kwa jinsi ninavyolielewa tukio hilo, anamlipa York kwa kuwa hakuwa yeye aliyevunja ahadi. Hesabu ya heshima kati ya watu wawili hawa imesawazishwa pale, na upande wa Cochise umetoa zaidi ya ulichodaiwa.

Basi tunaingia ofisini. Miaka imepita, York ndiye kamanda, na waandishi wa habari wamekuja kwa sababu kikosi kinatoka kumfuata Geronimo, Mwapache mwingine. Mmoja anasifu mchoro mkubwa wa shambulio la Thursday alioutazama mjini Washington, unaoonyesha safu na safu za Waapache waliopakwa rangi za vita na kuvaa mataji ya manyoya, na Thursday akiwaongoza askari wake dhidi yao. York anasema mchoro huo ni sahihi kwa kila kitu. Anasema pia kwamba hakuna mtu aliyekufa kwa ushujaa zaidi, wala aliyekipatia kikosi heshima kubwa zaidi. Mwandishi mwingine analalamika kwamba watu humkumbuka Thursday na kuwasahau wengine, na katika kulalamika huko analikosea jina la Collingwood, kama vile Thursday alivyolikosea la O'Rourke. York analisahihisha jina. Mchoro hausahihishi.

Utetezi wa York upo, na ni mzito, na filamu yenyewe inautoa vizuri kuliko ningeweza. Anasogea dirishani na kuwazungumzia askari: mshahara wao ni dola 13 kwa mwezi, chakula chao ni maharage, hugombana kwa karata na pombe lakini hugawana tone la mwisho la maji, na waliokufa hawajafa maadamu kikosi kinaishi. Philadelphia yuko hapo ngomeni, ameolewa na kijana O'Rourke, na mtoto wao anaitwa Michael Thursday York O'Rourke. Ni nani angesimama mbele ya mama huyo na kusema kwamba babu wa mtoto aliwaua watu kwa kiburi, akiwamo babu wa pili wa mtoto huyohuyo? Ford, ambaye alikuwa amepiga picha za Vita vya Pili vya Dunia katika kisiwa cha Midway mwaka 1942 na kujeruhiwa huko, aliwahi kukiri kwamba mashujaa wengi hawakuwa mashujaa kweli, ila akaona ni vema nchi iwe na watu wa kuwatazamia. Hii ndiyo hekima ya funika kombe mwanaharamu apite, na ninaiheshimu inapokuwa inawasitiri wafiwa.

Lakini York hakuwasitiri wafiwa peke yao. Angeweza kusema Thursday alikufa kishujaa, jambo ambalo ni kweli, na kunyamaza. Angeweza kusema Waapache hawavai mataji ya manyoya ya namna ile, na kwamba siku ile hawakupanga safu uwandani bali walikuwa miambani wakingoja kushambuliwa na watu ambao wao Waapache waliitwa wazungumze nao. Kwa kuuthibitisha mchoro kwa kila kitu, amemweka Cochise uwandani kama mvamizi, na ameyafuta yale yaliyotangulia: safari ya Mexico, mazungumzo, Meacham na mizani yake. Mtu wa upande wa jeshi aliyebaki akijua vizuri kuliko wote kwamba Cochise alikuja kwa amani ameukana ujuzi huo. Thursday aliivunja ahadi ya York mara moja, kwa nguvu ya cheo. Mara ya pili York ameivunja mwenyewe, na safari hii hakuna aliyepinga, kwa kuwa mwenye haki ya kupinga hakuwamo chumbani.

Inabaki kueleza kwa nini mtazamaji anatoka akiwa bado anampenda York, nami nikiwamo. Nadhani ni kwa sababu Ford hakutuficha kitu. Ametuonyesha korongo kabla ya kutusomea sifa, kwa hiyo kila neno la York linagongana na tulichokiona kwa macho yetu, na uongo unaomtosha mwandishi wa habari hautoshi kwetu. Mchoro wenyewe hatuonyeshwi hata mara moja.

York anaagana na wageni wake na kuvaa kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, kama ile aliyokuwa akiivaa Thursday. Uwanjani farasi wamekwisha kutandikwa. Kikosi kinatoka langoni kumfuata Geronimo, mmoja wa wale waliokuwa na Cochise siku ile ya mazungumzo, na hatuonyeshwi mpanda farasi yeyote akitangulia na mkalimani.